Kibuyu cha Pili

Ukifika Izigo ukauliza nyumbani kwa Avit Byabato, utaelekezwa kwa meno yake. "Yule mzee anayefungua soda kwa meno? Pita kanisani, shuka kushoto, ukisikia harufu ya kahawa inayochemka umefika." Meno hayo yalikuwa fahari yake, na mwenyewe hakujisumbua kuificha. Alikuwa amevuka sitini, na hakuna jino lake hata moja lililowahi kung'olewa. Kwenye harusi watoto walimletea chupa, naye alizifungua moja baada ya nyingine, huku mkewe Joviana akigeukia upande wa pili kana kwamba mtu huyo wamekutana hapohapo harusini.

Kibanja chake kilikuwa cha migomba na kahawa kama vibanja vyote vya jirani, lakini kilichomlisha hasa ni akamwani, yaani kahawa ya kutafuna. Aliichuma kabla haijaiva sana, akaichemsha kwenye sufuria jeusi pamoja na majani ya harufu ambayo hakumtajia mtu majina yake, kisha akaianika hadi ikakauka ikawa nyepesi na nyeusi. Wafanyabiashara wa Bukoba mjini walimfuata hukohuko nyumbani. Na kwa kuwa mpishi hawezi kuuza asichokionja, Byabato alitafuna kutwa nzima. Alitafuna akipalilia, akitafuta kuni, akiongea na simu. Hata kanisani shavu lake moja lilikuwa limejaa, ingawa padri alijifanya haoni.

Wahaya hawamkaribishi mgeni kwa maneno matupu. Mgeni akishaketi, kikapu kidogo cha akamwani kinaletwa. Mwenye nyumba anachukua punje ya kwanza, anaitafuna mgeni akimwona, ndipo anamsogezea kikapu. Na rubisi, ile pombe ya ndizi, vilevile: mwenyeji ananyonya kwanza kwenye mrija, halafu anamkabidhi mgeni kibuyu. Hakuna anayesema ni kwa nini. Lakini kila aliyezaliwa huku anajua: maana yake ni kwamba nyumba hii haina sumu.

Mtu aliyekula na kunywa na Byabato kuliko wote duniani aliitwa Lameki Rutaihwa. Vibanja vyao vilipakana. Byabato alikuwa Mkatoliki, Rutaihwa Mlutheri, na jambo hilo liliwapa kitu cha kutaniana kila siku ya Mungu. Walipokuwa wavulana walisikia wazee wakisimulia habari za omukago, udugu wa damu wa zamani. Watu wawili walikuwa wakipasua tunda moja la kahawa lenye punje mbili ndani, kila mmoja akapaka punje yake damu kutoka mkwaruzo wa tumboni, wakabadilishana, wakameza. Kuanzia hapo ukimsaliti mwenzako unajisaliti mwenyewe. Wale wawili wakajificha nyuma ya migomba wakafanya hivyohivyo kwa wembe wa kuazima. Ilipojulikana, katekista alimchapa Byabato, na mwinjilisti akamchapa Rutaihwa. Wazee walisema ilikuwa mara ya kwanza kwa makanisa hayo mawili kukubaliana jambo pale kijijini.

Fimbo zikapita, udugu ukabaki. Walioa mwaka mmoja, wakajengeana nyumba, wakazikiana wazazi. Kila alasiri kazi zikiisha, leo kwa huyu kesho kwa yule, waliketi na kikapu kimoja, kibuyu kimoja na mrija mmoja. Walibishana kuhusu bei ya kahawa na kuhusu Martin Luther, hadi wake zao walipowaita chakula. Joviana alizoea kusema kwamba akifa yeye, Byabato atalia siku nzima, lakini akifa Rutaihwa, Byabato atalia mpaka wamzike naye.

Damu ilianza msimu wa mvua. Asubuhi moja Byabato alikuwa nje akisugua meno kwa mswaki wake wa mti, na mate aliyotema kwenye majani yakawa mekundu. Akayafukia kwa kidole cha mguu, akatazama huku na huku. Kesho yake ikawa vilevile. Siku zilizofuata akayachungulia meno kwenye kioo cha redio ya zamani, akaona nyama ya meno imevimba na kuwa nyekundu iliyoiva, inang'aa kama ngozi iliyoungua.

Byabato alifikiri kama mkulima wa kahawa. Tawi likikatwa, unaliacha likauke, huendi kulisugua kila siku. Kwa hiyo akaacha mswaki. Alisukutua maji tu, akajiambia jeraha litajifunga. Kwa siku chache damu ikapungua, akafurahi, akajiona daktari. Halafu ikarudi bila hata kuguswa. Aliikuta kwenye ndizi mbivu aliyoing'ata, akaikuta kwenye foronya asubuhi. Mdomo ukaanza kunuka, naye akaanza kuzungumza akiwa ametazama pembeni.

Hapo ndipo hofu ilipomshika, na hofu yake ilikuwa na jina. Kaka yake mkubwa, Ishengoma, alikufa kijana kwa kifua kikuu. Byabato alikuwa mdogo wakati huo, lakini aliikumbuka damu kwenye kopo la majivu alilotemea kaka yake. Alikumbuka pia kikombe cha Ishengoma kilivyotiwa alama kisichanganywe na vingine, na yeye Byabato alivyotumwa kumpelekea chakula na kuambiwa akiweke chini kisha arudi nyuma haraka. Ishengoma alikuwa akimtazama akirudi nyuma. Miaka yote Byabato aliweza kusahau mengi, lakini macho yale hayakumtoka.

Kwa hiyo alipoona damu mdomoni mwake, hakujiuliza ni nini. Alijua. Na jambo la kwanza lililomjia halikuwa kifo. Lilikuwa ule mrija.

Alasiri hiyo ilikuwa zamu ya Rutaihwa kukaribisha. Kikapu kikaja. Rutaihwa akatafuna punje ya kwanza, akakisogeza. Byabato akasema tumbo halijatulia. Kibuyu kikaja, akasema vilevile. Rutaihwa akamwonea huruma, akamwambia mkewe Esther apike uji. Zamu ya Rutaihwa iliporudi, tumbo likawa bado. Safari hii Rutaihwa hakumwonea huruma. Alimtazama.

"Tumbo linalokataa kahawa yangu linakubali kahawa yako?" aliuliza, kwa sababu alikuwa amemwona asubuhi akitafuna kibanjani.

Byabato akacheka kicheko cha uongo. Usiku ule alijigeuzageuza kitandani akitafuta njia. Kusema ukweli hakuweza. Angesema, angetengewa kikombe, kama Ishengoma. Kuacha kwenda hakuweza pia, maana alasiri bila Rutaihwa haikuwa alasiri. Asubuhi akaamka na dawa aliyoiona nzuri kabisa, na hapa ndipo mtu yeyote wa Izigo angemshika mkono akamwambia keti chini mzee, usifanye hivyo. Lakini hakumwambia mtu. Alichukua kibuyu chake kidogo, akakata mrija wake, akavitia kwenye mfuko wa plastiki, akaenda navyo kwa rafiki yake.

Rutaihwa alikuwa amekwisha kuonja na kumnyooshea kibuyu. Byabato akafungua mfuko, akatoa kibuyu cha pili.

"Nimimine humu tu," alisema, akijitahidi ionekane ni jambo dogo. "Siku hizi ni usafi."

Esther, aliyekuwa anamenya ndizi mlangoni, aliacha kumenya. Kwenda kwa mtu na chombo chako cha kunywea ni kumwambia usoni mwake kwamba unaogopa mkono wake. Kumtukana mama yake kungekuwa na nafuu.

Rutaihwa hakupiga kelele. Alisimama, akaimwaga rubisi yote kwenye nyasi, taratibu, hadi tone la mwisho.

"Miaka yote hii, Avit," alisema, "ulikuwa unakunywa na mchawi?"

"Lameki, si hivyo."

"Basi ni vipi?"

Jibu lilikuwa palepale kwenye ulimi wa Byabato, na lilikuwa na ladha ya damu. Hakulitoa. Akachukua kibuyu chake akaondoka, na Rutaihwa hakumsindikiza hata hatua moja.

Zilifuata wiki mbaya. Alasiri zikawa ndefu. Byabato aliketi mlangoni na kikapu chake akisikia Rutaihwa akikohoa upande wa pili wa mpaka, akipasua kuni, akimwita mbuzi. Sauti zote hizo alizijua, na zote zilimuuma. Kijijini maneno yalikwisha kuzagaa: Mkatoliki amemwogopa Mlutheri, kuna jambo. Esther na Joviana waliendelea kusalimiana kisimani kwa sauti ya chini kama watu wanaouza magendo.

Aliyemaliza ujinga huo ni Joviana. Siku moja mchana alimpa mumewe ndizi za kupikwa, akamwona anazibinya kwa ulimi kama mtoto asiye na meno. Halafu akaona alama nyekundu kwenye kipande alichokirudisha sahanini.

"Hiyo ni nini?"

"Mchuzi."

"Mchuzi gani? Leo nimepika kwa maharage."

Byabato akaweka sahani chini. Alikuwa amechoka kuificha, na uchovu huo ulimzidi nguvu. "Joviana, nina ugonjwa wa Ishengoma," alisema. "Ni kifua."

Joviana alijipangusa mikono kwenye kanga. Halafu akauliza, kwa sauti ya mtu anayedai maelezo, "Umekohoa lini?"

"Nini?"

"Nauliza umekohoa lini. Nalala na wewe kitanda kimoja tangu nilipokuwa mwali. Ukikoroma nakupiga kiwiko. Ukiota nakuamsha. Kukohoa, Tata Renatha, kukohoa sijakusikia hata mara moja. Fungua mdomo."

"Joviana..."

"Fungua!"

Akawasha tochi ya simu, akamwingiza kidole gumba chini ya mdomo kama anayekagua umri wa ng'ombe. Alichungulia juu, akachungulia chini, akarudisha uso nyuma kwa ajili ya harufu, akarudi tena.

"Hiki si kifua," alisema. "Kifua hakikai kwenye meno. Nyama ya meno imeoza kwa uchafu, mwanaume wewe. Kesho tunakwenda kwa Renatha."

Renatha, binti yao mkubwa, alikuwa fundi cherehani mjini Bukoba, akiishi mtaa wa Bakoba na familia yake. Aliwapokea, akawalisha, na asubuhi akawapeleka hospitali. Njiani alimfundisha baba yake kusema kwa ufupi, kwa sababu mapokezi wana kazi nyingi. Byabato akafuata mafundisho. Alipoulizwa ana shida gani, akasema maneno mawili:

"Natema damu."

Ukisema maneno hayo hospitalini hupangwi na watu wa malaria. Alivalishwa barakoa, akapelekwa kwenye banda la wazi pembeni, pamoja na watu waliokuwa wanakohoa kwelikweli. Byabato akaketi kwenye benchi akajiinamia. Hilo ndilo alilolitegemea. Ndilo kopo la majivu lenyewe, limerudi kwa sura mpya. Akamwambia Joviana arudi nyuma.

Joviana akavaa barakoa yake, akasogea, akaketi ubavuni mwake hadi mabega yakagusana. "Nirudi wapi?" akasema.

Nesi akamletea kikopo cha makohozi. "Kohoa kutoka chini kabisa, baba."

Akakohoa. Kilichotoka ni mate yenye wekundu. Nesi akakiinua kikopo kwenye mwanga. "Haya ni mate, baba. Nataka cha kifuani." Akajaribu tena hadi mishipa ya shingo ikasimama. Mwishowe kikapatikana kidogo, kikapelekwa kupimwa, naye akapigwa picha ya kifua pia.

Walisubiri hadi mchana. Alipoitwa ndani, tabibu alikuwa ameishika picha na majibu, anaongea huku anaandika, kama mtu anayetaja hali ya hewa.

"Kifua chako kizima, mzee. Hakuna TB."

"Rudia," Byabato akasema.

"Hakuna TB."

"Rudia tena, mwanangu, tafadhali."

Tabibu akaacha kuandika, akamtazama, akaelewa. "Huna kifua kikuu, mzee wangu. Mapafu yako yanalingana na ya kijana." Kisha akauliza swali ambalo lingeokoa asubuhi nzima kama lingeulizwa mapokezi. "Hiyo damu inatoka ukikohoa, au ukipiga mswaki?"

"Mswaki nimeacha."

"Kwa nini?"

"Si damu ilikuwa inatoka?"

Joviana alikohoa kikohozi cha kujizuia kucheka. Tabibu akaagiza apimwe sukari pia, kwa sababu sukari ikipanda huharibu fizi, na ilipoonekana iko sawa akawaelekeza kliniki ya meno. Byabato akaivua barakoa pale mlangoni. Nje jua lilikuwa linawaka juu ya mabati, na ziwa lilionekana kule chini. Akasimama akavuta pumzi kifuani mwake, kifua kile kizima, akaitoa, akaivuta tena. Alijisikia mwepesi hata akataka kumsalimia kila mtu. Alimsalimia mlinzi mara mbili.

Daktari wa meno alikuwa mwanamke kijana aliyeitwa Kokuhirwa, mzaliwa wa kata ya Kimwani. Alimwita Tata, yaani baba, tangu mwanzo, akamlaza kwenye kiti, akawasha taa.

"Tata, fizi zako zimechoka kabisa."

"Fisi?" Byabato akainua kichwa.

"Fizi. Nyama ya meno, Tata."

"Aa! Shuleni sisi tulifundishwa fisi tu."

Dokta Kokuhirwa alicheka, kisha akampa kioo kidogo ajitazame. Kwenye mashina ya meno yote kulikuwa na ukuta wa kahawia, mgumu, uliokwenda hadi chini ya fizi. Byabato alishtuka. Miaka yote alijua meno yake kwa nguvu zake, hakuyajua kwa sura.

"Hiyo ni kahawa?"

"Kahawa imetia rangi tu, haina kesi kubwa. Huu ni ugaga. Unaanza ukiwa ukoga, ute mlaini unaojikusanya kwenye meno kila siku, umejaa vijidudu. Ukiusugua unatoka. Ukiuacha unakauka unakuwa jiwe, na jiwe hilo linazidi kukusanya uchafu pale meno yanapokutana na fizi. Fizi inavimba, inatoa damu. Ikiachwa sana inaachia jino, na jino linaanguka lenyewe likiwa zima."

Byabato akafikiri. "Ni kama magugu yaliyobana shina la mgomba. Shina linaoza chinichini."

"Ndiyo hivyo, Tata. Na wewe ulipoona shina linaumwa, ukaacha kupalilia."

Maneno hayo yalimwingia kuliko sindano. Damu ile haikuwa ya kidonda cha mswaki. Ilikuwa fizi zinaomba mswaki, naye akazinyima wakati uleule zilipouhitaji. Akalala chali, akafungua mdomo bila kuombwa.

Kazi ilichukua muda. Chombo kilipiga kelele, maji yakamwagika shingoni, vigae vya kahawia vikaangukia kwenye trei kimoja kimoja. Iliuma, lakini yalikuwa maumivu ya kitu kibaya kinachoondoka, na Byabato aliyavumilia karibu kwa furaha. Alipoinuka akapitisha ulimi nyuma ya meno yake, akakuta nafasi ambazo alikwisha kusahau kwamba zipo.

Dokta Kokuhirwa akamwonyesha namna ya kusugua kwa mswaki mlaini. Auinamishe kwenye mpaka wa jino na fizi, auzungushe taratibu, nje na ndani, asubuhi na kabla ya kulala. Asitumie mkaa wala majivu, vinakwangua. Asukutue maji ya uvuguvugu yenye chumvi siku hizi za mwanzo. Damu itatoka kidogo bado, asiogope, asiache. Isipokoma baada ya wiki mbili arudi, na hata ikikoma arudi aangaliwe, kwa sababu meno mawili ya mbele chini yalikuwa yamelegea, na kuhusu hayo daktari hakutoa ahadi.

"Na chupa?" Joviana aliuliza kutoka kwenye kiti cha pembeni.

"Chupa gani?"

Joviana akaeleza. Dokta Kokuhirwa akashika kiuno. "Tata! Vifungulio vinauzwa madukani."

Byabato akaitikia kila kitu. Lakini alikuwa na swali lake, na aliligeuza mdomoni kwanza kabla ya kulitoa. "Nina rafiki. Tunakunywa kwa mrija mmoja. Je, nimemwambukiza? Naweza kumuua?"

"Huwezi kumuua, Tata. Huu si ugonjwa wa namna hiyo. Ila fizi zikiwa zinatoka damu, kila mtu awe na mrija wake. Hata baadaye ndiyo usafi."

Byabato akacheka hadi akashika shavu kwa maumivu. "Hiyo ya kila mtu na mrija wake, binti yangu, ndiyo iliyonifikisha hapa."

Walirudi Izigo kesho yake mchana. Joviana alishika njia ya nyumbani, lakini Byabato hakufika kwake. Alikata moja kwa moja kwa Rutaihwa na nguo zake za safari, mswaki mpya ukiwa umechomoza kwenye mfuko wa shati. Alimkuta anapunguza majani makavu ya migomba. Rutaihwa alimwona, akampa mgongo, akaendelea na kisu chake.

"Lameki."

Kisu kikaendelea.

"Lameki, nimekuja kukufungulia mdomo."

Kweli akaufungua. Alisimama katikati ya migomba ya watu, mzee mzima, kichwa nyuma, mdomo wazi, akaonyesha kwa kidole. Rutaihwa aligeuka kwa udadisi tu. Akatazama. Akasogea.

"Mbona pamevimba hivyo?"

"Damu," Byabato alisema, akiwa bado ameachama. Akaufunga ili aseme vizuri. "Nilikuwa natoka damu. Nilidhani ni kifua. Kama cha Ishengoma. Sikukuogopa wewe, Lameki. Niliogopa nisije nikakuua."

Rutaihwa akakishusha kisu. Naye alimjua Ishengoma, alilijua na lile kopo.

"Ukaona heri nidhani umeniona mchawi, kuliko kuniambia unaumwa?"

"Ndiyo."

"Kwa nini?"

"Niliogopa utanitengea kikombe." Sauti ya Byabato ilivunjika hapo, na hakuona aibu. "Sisi tulimtengea. Nilikuwa naweka chakula chini nakimbia."

Rutaihwa akachomeka kisu kwenye shina la mgomba. Alikuwa na hasira, ilionekana mikononi, lakini haikuwa ileile ya rubisi iliyomwagwa.

"Wewe ni mjinga, Avit. Ni mjinga tangu utotoni. Kwenye tumbo langu humu kuna punje yenye damu yako, nimeimeza nikachapwa fimbo kwa ajili yake. Miaka yote hiyo haijaniua. Leo ndiyo iniue? Esther! Leta kikapu!"

Waliketi palepale kwenye majani makavu. Esther alileta kikapu mbio hata akasahau kiatu kimoja. Rutaihwa akachagua punje, akaiweka katikati ya kucha mbili, akaipasua. Nusu akaitia mdomoni mwake, akaitafuna wazi ili ionekane. Nusu akaiweka kwenye kiganja cha Byabato, akakifunga kiganja kwa mkono wake mwenyewe, akakishikilia hivyo kwa muda. Byabato akaitafuna upande usiouma. Haikuwa kahawa yake, ilikuwa imechemshwa vibaya kama kawaida ya Rutaihwa, na hakuwahi kutafuna tamu kuliko hiyo.

Kibuyu kilipokuja, Byabato alieleza maagizo ya daktari kuhusu mirija, kwa woga kidogo. Rutaihwa akainuka, akakata mirija miwili, akaichomeka yote kwenye kibuyu kimoja. Akanyonya kwanza, kama mwenyeji anavyopaswa.

Baadaye, walipokuwa wamekwisha kubishana kidogo kuhusu bei na kidogo kuhusu Luther, Rutaihwa alitema maganda ya kahawa pembeni. Byabato akayaona kabla majani hayajayaficha. Yalikuwa na uzi mwekundu. Akamtazama rafiki yake. Rutaihwa akapangusa mdomo kwa nyuma ya mkono, akatazama mkono huo, akaushusha.

"Mimi natoka hivyo tangu mtoto wetu wa mwisho azaliwe," alisema. "Nilidhani ndiyo uzee."

Byabato alipapasa mfuko wa shati, akautoa mswaki mpya, akautazama, akaurudisha.

"Huyo daktari wako," Rutaihwa akauliza, akikitazama kibuyu, "anapokea na Walutheri?"